Daktari Hindorf na Miche 62

Huku kwetu Theta mkonge ni wa ua na wa kusukia viondo, basi. Mimi nilidhani umekuwako tangu enzi za mababu. Kumbe uliletwa, na aliyeuleta Afrika Mashariki ni Mjerumani, Richard Hindorf.

Alizaliwa mwaka wa 1863. Alisomea kilimo hadi akaitwa daktari (si wa sindano!), kisha akaajiriwa na kampuni ya Wajerumani iliyokuwa na mashamba upande wa Tanga. Alitafuta zao la kustahimili ukame, akasoma habari za mmea wa Meksiko wenye nyuzi ngumu. Wenyewe hawakupenda kuutoa, kwa hivyo akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Tanga mwaka wa 1893, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Kuna hadithi ati ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, lakini hiyo mimi siiamini.

Mwingine angekata tamaa. Miche ile ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikazaa na kuzaa. Kufikia 1913 koloni lile liliuza nje zaidi ya tani 20,000 za katani. Mkonge ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka hadi Punda Milia, juu ya Thika, ambako walowezi Swift na Rutherfoord walifungua shamba.

Hapa ndipo ninapositasita kumpigia makofi. Kule Tanganyika wakataji waliletwa kutoka mbali kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mtu alipewa namba. Miiba iliwachoma wao. Jina la Hindorf tunalijua. Ya kwao nimeyatafuta vitabuni, sikupata hata moja.

Hindorf alifariki mwaka wa 1954. Hakuona yaliyofuata. Uzi wa mkonge ni selulosi, polima inayotengenezwa na mmea wenyewe. Wanakemia nao walikuwa wametengeneza zao kiwandani: nailoni mwaka wa 1935, na polipropilini katika miaka ya 1950. Kamba hizo hazikuoza upesi, tena zilikuwa rahisi. Bei ya katani ikaporomoka, na mashamba mengi ya Tanzania, iliyokuwa ikiongoza dunia, yakageuka vichaka.

Nyumbani tunacho kiondo cha katani alichosuka nyanya yangu kabla sijazaliwa. Mshipi wake ulikatika mwaka jana. Tumeufunga kwa kamba ya nailoni.