Paul Graetz

Paul Graetz (Zittau, Ujerumani, 1875 – 1968) alikuwa ofisa wa jeshi na msafiri Mjerumani. Anakumbukwa kama mtu wa kwanza kuvuka bara la Afrika kwa motokaa, kutoka Dar es Salaam kwenye Bahari Hindi hadi Swakopmund (leo nchini Namibia) kwenye bahari ya Atlantiki, kati ya miaka 1907 na 1909. Njia yake ilipita pia katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania.

Maisha ya awali

Graetz alizaliwa katika mji wa Zittau, mashariki mwa Ujerumani. Akiwa luteni alitumwa kwenye Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Huko aliona jinsi mizigo yote ya bara ilivyobebwa na binadamu. Ndorobo waliwaua ng'ombe na farasi katika sehemu kubwa ya nchi, na reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilikuwa bado haijafika hata Morogoro alipoanza safari yake. Tabora ilifikiwa na reli mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wazo la kuingiza motokaa katika nchi ya namna hiyo lilionekana kwa wengi kuwa mzaha.

Gari

Gari lake lilitengenezwa kwa agizo maalumu na kiwanda cha Süddeutsche Automobilfabrik katika mji wa Gaggenau, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kiwanda hicho baadaye kiliingia mikononi mwa kampuni ya Benz, na katika mji huohuo yalitengenezwa malori ya Unimog. Motokaa ya Graetz ilikuwa na injini ya silinda nne na magurudumu makubwa, na tumbo lake liliinuliwa takriban sentimita 35 kutoka ardhini ili lipite juu ya mawe na visiki.

Miaka hiyo magari yalikuwa bado chombo cha matajiri na wapenda mbio. Mwaka 1908, Graetz akiwa njiani, gari la Kimarekani aina ya Thomas Flyer lilishinda mashindano ya kutoka New York hadi Paris, na mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Ford ilianza kuuza gari lake la Model T. Lakini magari ya mashindano yalikuwa na wapinzani wa kuyasukuma na magazeti ya kuyafuata kila siku. Graetz alikuwa na gari moja tu, na vipuri vyake vilikuwa Ulaya.

Safari ya 1907–1909

Aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa muda mfupi uliopita na kusini mwa koloni kulikuwa na njaa. Alielekea Tabora kupitia Morogoro, Kilosa, Mpwapwa na Kilimatinde, akifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara. Barabara hizo zilikuwa zimefyekwa kwa ajili ya miguu. Madaraja ya miti yaliyomudu uzito wa mpagazi mmoja mmoja hayakumudu gari, na kwenye mito na makorongo ilibidi motokaa ivutwe kwa kamba na makundi ya watu walioitwa kutoka vijiji vya karibu. Picha za safari zinawaonyesha wakivuta huku gari limezama matopeni.

Petroli nayo ilitangulizwa kwa vichwa vya wapagazi na kuwekwa akiba kwenye vituo vya njiani. Injini ilipoharibika Graetz alilazimika kukaa miezi akisubiri vipuri kutoka Ujerumani. Vilikuja kwa meli hadi pwani, kisha kwa mabega ya watu hadi gari lilipokwama.

Safari nzima ilichukua siku 630 kwa umbali wa kilomita 9,500 hivi. Hiyo ni wastani wa kilomita 15 kwa siku, wakati mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 hadi 30 alizoea kutembea kilomita 20 au zaidi siku ya safari. Kweli hesabu hiyo inajumuisha miezi ya kusubiri vipuri, lakini vipuri hivyo pia vilitegemea mwendo wa mpagazi. Majina ya waliovuta gari na kubeba petroli hayakuingia katika historia pamoja na jina la mwenye gari.

Kupita upande wa Ufipa

Kutoka Tabora Graetz aligeukia kusini-magharibi hadi kituo cha Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Upande huo unatawaliwa na uwanda wa juu wa Ufipa. Sumbawanga na vijiji vya jirani kama Pito viko kwenye uwanda huo wenye baridi, ambao mashariki unakatwa na ukuta wa Lyamba lya Mfipa juu ya Ziwa Rukwa. Kutoka uwandani hadi Kasanga, mtu hushuka mita 1,000 hivi. Kwa motokaa ya 1907 yenye breki dhaifu, mteremko wa namna hiyo ulikuwa hatari kuliko kupanda.

Wafipa hawakuwa wageni wa chuma. Mafundi wao waliyeyusha mawe yenye chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na majembe yao yalijulikana mbali. Leo barabara ya Sumbawanga–Matai–Kasanga imewekwa lami.

Rhodesia, Kalahari na Swakopmund

Baada ya Bismarckburg Graetz alivuka mpaka na kufika Abercorn (leo Mbala, Zambia), akaendelea kusini hadi Broken Hill (leo Kabwe), ambako reli kutoka kusini ilikuwa imefika mwaka 1906. Tangu hapo shida ya petroli na vipuri ilipungua. Alipita Bulawayo, akafika Johannesburg, kisha akageukia magharibi kuvuka jangwa la Kalahari, ambako mchanga na uhaba wa maji vilikuwa tishio kubwa zaidi. Tarehe 1 Mei 1909 aliingia Swakopmund, wakati huo mji wa koloni la Kijerumani la Afrika Kusini-Magharibi. Mwaka 1910 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo.

Safari ya mashua

Mwaka 1911 alirudi Afrika kuvuka bara kwa mashua ya injini iliyoitwa Sarotti, akianzia Msumbiji na kupanda mito ya Zambezi na Shire hadi Ziwa Nyasa. Kisha mashua ilisafirishwa nchi kavu kuelekea mto Chambeshi, tena kwa nguvu za watu. Huko Graetz na mwenzake Mfaransa, Octave Fière, walishambuliwa na nyati aliyejeruhiwa. Fière alikufa na Graetz aliumizwa vibaya usoni. Baada ya kupona aliendelea kupitia Ziwa Bangweulu na mto Luapula hadi Kongo.

Graetz alifariki nchini Ujerumani mwaka 1968, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.