Grogan: kabla ya spea, kulikuwa na samaki

Ukisema Grogan pale Nairobi, kila mtu anaelewa: spea za gari, oili mikononi, Barabara ya Kirinyaga. Zamani barabara hiyo iliitwa Grogan Road. Lakini huyo Grogan mwenyewe unamjua? Mimi huku Longisa nilimjua kupitia samaki.

Ewart Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimfukuza kwa utundu. Sisi tulioacha chuo tusijipige kifua bado, maana yeye kwao kulikuwa na pesa. Akampenda Gertrude Watt, na baba wa kambo wa msichana akamtilia shaka. Basi jamaa akavuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, 1898 hadi 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Akapewa mke.

Alifika Kenya 1904, akajipatia misitu na ardhi. Mwaka uliofuata akaleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakatiwa kwenye mto Gura, Nyandarua. Baadaye trauti wakasambazwa mito mingine ya baridi. Upande wetu wa majani chai wako Kiptiget, mto unaotoka msitu wa Mau.

Sasa tuseme yote. Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, Grogan aliwachapa viboko Wakikuyu watatu waliovuta riksho. Akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, kisha maisha yakaendelea. Gertrude alipofariki, akatoa ardhi ya hospitali ya watoto, iliyoanza 1947 na bado ina jina la mkewe. Mtu ni yule yule mmoja.

Turudi mtoni. Trauti huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Walowezi walikuja na nzi wa kwao na kalenda ya kwao. Shida ni kwamba huku hakuna theluji wala majira manne. Kalenda yetu ni mvua.

Kwa hivyo angalia maji kwanza. Aprili na Mei, mto ukiwa wa matope, funga nzi mkubwa mweusi, samaki aone umbo lake. Januari na Februari, maji yakiwa maangavu, funga mdogo wa kahawia, na usimame mbali na ukingo, kwa sababu trauti anakuona. Ndiyo maana hapa kulitengenezwa nzi wetu, Kenya Bug, mweusi tii. Na leo Wakenya wanafunga nzi kwa mikono, wanauzwa Ulaya na Marekani, huku wengi wetu hatujawahi hata kumshika mmoja.

Grogan alikufa Cape Town mwaka 1967. Samaki wake bado wapo, lakini trauti hawezi kuishi kwenye maji ya joto na machafu. Mau ikikatwa yote, hata uchague nzi gani, utakuwa unavua matope.