Donald Campbell: Maisha ya dereva wa boti ya kasi, na kiti alichokalia

Boti ikienda taratibu, maji ni laini. Ikienda kasi sana, maji hayohayo huwa magumu kama barabara ya mawe, na kila wimbi ni pigo kwa aliyeketi ndani. Ndiyo maana kiti cha boti ya kasi, na kile kinachokishikilia, ni suala la uhai. Leo tunaeleza jambo hilo kupitia maisha ya Mwingereza Donald Campbell.

Campbell alizaliwa mwaka 1921. Baba yake, Sir Malcolm Campbell, alikuwa bingwa wa rekodi za kasi barabarani na majini. Baba alipofariki mwishoni mwa mwaka 1948, kijana akarithi kiu ileile. Alianza na boti ya mbao ya baba yake, lakini mwaka 1951 boti hiyo iliharibika ikiwa katika mwendo mkali na kuzama katika ziwa la Coniston, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka uliofuata mshindani wake, John Cobb, alifariki boti yake ya jeti iliposambaratika huko Loch Ness, Scotland.

Baada ya hapo Campbell alitaka chombo imara zaidi. Wahandisi wawili ndugu, Ken na Lew Norris, walimbunia Bluebird K7, boti ya chuma tupu: mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma cha pua kali, na ngozi yake mabati ya aloi ya alumini. Injini ilikuwa ya jeti, na dereva aliketi mbele yake, amefungwa mikanda. Kwa boti hiyo Campbell aliweka rekodi saba za dunia kati ya mwaka 1955 na 1964. Ya mwisho, iliyowekwa Australia tarehe 31 Desemba 1964, ilikuwa kilomita 444 kwa saa. Mwaka huohuo alikuwa amevunja pia rekodi ya nchi kavu, na hadi leo hakuna mwingine aliyevunja zote mbili ndani ya mwaka mmoja.

Tarehe 4 Januari 1967 alirudi Coniston. Rekodi huhesabiwa kwa wastani wa safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Ya kwanza ilifika takriban kilomita 479 kwa saa. Campbell akageuza bila kusubiri kujaza mafuta wala mawimbi yake mwenyewe yatulie. Njiani kurudi, boti ikiwa imepita kilomita 500 kwa saa, pua yake ilinyanyuka, upepo ukaingia chini, ikapinduka hewani na kupiga maji. Sehemu ya mbele aliyoketi ilivunjika. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Hapa ndipo penye somo. Mkanda humshika mtu kwenye kiti, na kiti hushikwa na fremu. Fremu ikikatika, mkanda hauna tena cha kushikilia. Kwa sababu hiyo boti za mashindano za miaka ya baadaye zilianza kumweka dereva ndani ya chumba kigumu kilichofunikwa, chenye kuta za nyuzi za kaboni, ambacho hubaki kizima hata boti nyingine ikivunjika vipande vipande.

Mabaki ya Bluebird yalikaa chini ya ziwa miaka 34. Yalipoopolewa mwaka 2001, rangi ya buluu bado ilionekana. Mwili wa Campbell ulipatikana mwaka huohuo, ukazikwa kijijini Coniston. Boti yenyewe ilikarabatiwa, na tangu mwaka 2024 imo katika jumba la makumbusho la Ruskin hapohapo kijijini.

Nasi tunaosafiri kwa boti za injini ndogo tuna la kuchukua: kabla ya kuondoka, tutazame ubao au kiti kimefungwa kwa nini, na kama misumari na skrubu zake hazijaliwa na kutu.