Gandhi: Wakili wa Marshalltown aliyelionya baraza la mji

Katika eneo la Marshalltown, katikati ya jiji la Johannesburg, kuna uwanja ambako mabasi hupakia na kushusha abiria tangu alfajiri. Unaitwa Uwanja wa Gandhi. Hapo imesimama sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 2003, lakini haimwonyeshi yule mzee wa shuka nyeupe na fimbo tuliyemzoea katika picha. Inamwonyesha kijana aliyevaa joho la wakili juu ya suti.

Ndivyo alivyokuwa Mohandas Karamchand Gandhi alipofungua ofisi yake mwaka 1903 kwenye pembe ya barabara za Rissik na Anderson, hatua chache kutoka hapo. Dunia inamkumbuka kwa uhuru wa India. Johannesburg ilimjua kwanza kwa mambo madogo zaidi: vyoo, taka, fidia ya viwanja na barua kwa baraza la mji ambazo hazikujibiwa kwa vitendo.

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, magharibi mwa India, akasomea sheria London. Mwaka 1893 alipata kazi ya mwaka mmoja kwa mfanyabiashara wa Kihindi mjini Durban. Wasomaji wetu wa pwani watapenda kujua kwamba meli yake ilipitia kwetu: ilitia nanga Lamu, ambako nusura imwache bandarini, kisha Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa zaidi ya wiki akisubiri meli nyingine. Kisa cha kushushwa kwenye treni huko Pietermaritzburg kimesimuliwa mno, hatutakirudia. Ule mwaka mmoja ukawa zaidi ya 20.

Alipohamia Johannesburg, Wahindi wa mji huo walikuwa na mtaa mmoja tu ambako waliweza kuwa na viwanja, kwa hati za miaka 99. Mtaa huo ulikuwa magharibi ya katikati ya mji, mahali panapoitwa leo Newtown. Watu walijenga vyumba juu ya vyumba, lakini baraza halikupeleka huduma za maana: barabara hazikutengenezwa na usafi ulikuwa mdogo sana.

Mwaka 1903 baraza lilitwaa mtaa mzima kwa hoja kwamba ni mchafu. Wenye viwanja wakageuka wapangaji wa baraza. Ajabu ni kwamba baada ya mwenye nyumba kuwa baraza lenyewe, uchafu haukupungua bali ulizidi. Wakazi hawakuhamishiwa popote, na idadi yao ikaongezeka. Wala hawakuwa na diwani wa kumlalamikia, kwa sababu kura ya mji ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Wenye viwanja walikuwa na haki moja tu, ya kudai fidia mbele ya baraza maalum la usuluhishi. Gandhi alichukua kesi zao, kama 70 hivi, akashindwa moja tu. Alitoza pauni 10 kwa kila kesi, ashinde au ashindwe, na nusu ya fedha hizo akataka ziwekwe kando kwa ajili ya hospitali au kitu kama hicho kwa maskini.

Tarehe 11 Februari 1904 alimwandikia Dk. Porter, mganga mkuu wa mji, akimweleza hali ya mtaa huo na kuonya kwamba maradhi ya mlipuko yanaweza kuzuka wakati wowote. Alitoa na mapendekezo. Hakuna kilichofanyika kwa wakati.

Katikati ya mwezi Machi tauni ya mapafu ikaingia. Ilianzia kwa vibarua wa mgodi wa dhahabu ulio karibu na mji. Wahindi 23 walirudi mtaani jioni wakiwa mahututi. Gandhi aliletewa habari ofisini, akapanda baiskeli yake akaenda. Rafiki yake Madanjit alikuwa ameshavunja kufuli la nyumba tupu na kuwalaza wagonjwa humo. Gandhi akamwandikia karani wa mji kueleza kwa nini wamechukua nyumba isiyo yao. Usiku ule yeye, Dk. William Godfrey na makarani wa ofisi yake waliwauguza wagonjwa kwa mikono yao.

Kesho yake baraza lilishukuru na kutoa ghala lililokuwa tupu. Ghala lilikuwa chafu, wakalisafisha wenyewe. Baraza lilipeleka pia muuguzi mmoja, ambaye naye aliambukizwa akafa. Kati ya wagonjwa 23 waliopona ni wawili.

Baraza lililokosa fedha za kusafisha mtaa lilipata fedha za kuuteketeza. Wakazi waliamriwa kuhamia mahema kwenye shamba la Klipspruit, zaidi ya kilomita 20 nje ya mji. Wengi walikuwa wamefukia akiba zao ardhini kwa kutoamini benki. Walimwamini Gandhi. Sarafu zilichimbuliwa, zikaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na karibu pauni 60,000 zikawekwa benki. Kisha mtaa ukachomwa moto.

Gandhi aliandika kwenye magazeti akilitwika baraza lawama ya tauni, na barua hiyo ilimletea marafiki wapya, akiwemo Henry Polak, aliyekuja kuwa msaidizi wake wa karibu.

Hapa ndipo penye doa, na mwandishi wa habari za Gandhi kwa Waafrika hana ruhusa ya kulipita kimya. Katika barua ile kwa Dk. Porter, Gandhi alilalamika pia kwamba baraza linawajaza Waafrika katika mtaa wa Wahindi, akataka waondolewe. Alidai wenzake wasikilizwe, lakini majirani zao weusi, ambao nao walilala katika vyumba vilevile vibovu na hawakuwa na kura, aliwahesabu kama sehemu ya tatizo. Baada ya tauni Wahindi wengi walirudi mjini. Waafrika waliachwa Klipspruit, kando ya shamba la maji machafu ya mji, na makazi hayo ndiyo chanzo cha Soweto.

Yaliyofuata yanajulikana: mkutano wa Septemba 1906 wa kukataa sheria ya usajili, jela, kuchomwa kwa vyeti mwaka 1908, maandamano ya mwaka 1913. Fikra zake zilipanuka kadiri miaka ilivyokwenda. Aliondoka Afrika Kusini Julai 1914 na aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Mabishano juu yake hayakuzikwa naye. Mwaka 2015 sanamu ya Marshalltown ilimwagiwa rangi nyeupe, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kiliiondoa sanamu yake baada ya wahadhiri na wanafunzi kupinga.

Sheria za miji, kwa upande wake, zimebadilika. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inazitaka serikali za mitaa kuwashirikisha wananchi. Sheria ya mwaka 1998 ilileta kamati za kata, diwani akiwa mwenyekiti na wakazi wasiozidi 10, na sheria ya mwaka 2000 ikaweka sura nzima juu ya ushiriki wa wakazi katika bajeti, mipango na huduma.

Lakini usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, namba 80 barabara ya Albert, hapo hapo Marshalltown, liliungua na watu wasiopungua 76 wakafa. Humo waliishi Waafrika Kusini maskini pamoja na wahamiaji wasio na kura, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo Wamalawi na Watanzania. Zamani za ubaguzi hapo ndipo Waafrika walipopangishwa foleni kupata vipande vya kuingilia mjini. Mwenye jengo alikuwa jiji lenyewe. Tume ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe ilieleza katika ripoti yake ya Mei 2024 kwamba jiji lilikuwa likijua hali ya jengo hilo angalau tangu mwaka 2019.