Broglio: Mhandisi aliyeigeuza Ghuba ya Ungwana kuwa lango la anga

MTO Tana ukishaupita mji wa Garissa huteremka hadi Kipini na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana. Ni katika ghuba hiyo, karibu na Ngomeni, Profesa Luigi Broglio alikosimamisha majukwaa ya kurushia roketi baharini.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka wa 1911. Alikuwa afisa wa jeshi la anga la Italia na mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Rome. Mnamo Desemba 1964 kikosi chake kilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia kutoka Marekani. Hata hivyo, alitamani mahali karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma zaidi roketi inayoelekea mashariki. Pwani ya Kenya ilimpa hilo, pamoja na bahari pana isiyo na makazi.

Roketi ya kwanza yenye setilaiti iliruka Ngomeni Aprili 26, 1967. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilipaa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengewa uchunguzi wa eksirei zitokazo kwenye nyota. Mwaka wa 1974 ikafuata Ariel 5 ya Uingereza, iliyobeba pia kifaa cha kupima mwelekeo wa mitikisiko ya miale hiyo.

Kipimo hicho si jambo dogo. Nyota inapolipuka, nuru hugonga chembe za mlipuko na mitikisiko yake huelemea mwelekeo fulani. Mlipuko ukiwa mviringo kama mpira, mielekeo yote hufutana. Ukiwa umerefuka upande mmoja, mwelekeo mmoja huzidi. Ndivyo wataalamu wanavyolitambua umbo la mlipuko ulio mbali mno kuonekana hata kwa darubini kubwa. Katika eksirei, kipimo hicho hufichua mpangilio wa nguvu za sumaku kwenye mabaki ya nyota.

Roketi ya tisa yenye setilaiti, ambayo ndiyo ya mwisho, ilirushwa mwaka wa 1988. Broglio alifariki Rome Januari 2001, majukwaa yake yakiwa kimya. Kituo hicho kilipewa jina lake.

Lakini antena za Malindi hazikunyamaza. Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa kutoka Marekani Desemba 2021 kwa ajili ya kipimo hicho hicho, ilitegemea antena hizo kuteremsha takwimu zake, kuanzia na zile za Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka. Kenya, iliyounda Shirika lake la Anga mwaka wa 2017, imebakiwa na jukumu la kuwaandaa vijana wake, wa Garissa kama wa Malindi, wazisome takwimu hizo wenyewe.