Ionides, ‘Mtu wa Nyoka’ aliyezikwa Selous

MKULIMA wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, hulima katika nchi ileile ya miombo waliyoikanyaga wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Hatari nayo haijabadilika: koboko, swila na bafe. Dawa ya sumu yao haitengenezwi bila kwanza kuipata sumu yenyewe, na sumu hutoka kwa nyoka aliyekamatwa hai. Miongoni mwa waliovuma kwa kazi hiyo nchini ni marehemu Constantine John Philip Ionides.

Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901 katika familia yenye asili ya Ugiriki. Baada ya kupitia jeshini alifika Tanganyika miaka ya 1920, akawinda tembo, wakati mwingine kinyume cha sheria. Mwaka 1933 mwindaji huyo aligeuka mlinzi: aliajiriwa katika Idara ya Wanyamapori, akaishi Liwale na kuwa mmoja wa waliolikuza Pori la Akiba la Selous.

Alipostaafu alihamia Newala. Wanakijiji walipomwona nyoka mtini walimwita, naye akamshusha kwa mti mrefu wenye koleo. Aliumwa mara kadhaa, lakini hakuiacha kazi. Nyoka wake, kwa maelfu, walipelekwa katika bustani za wanyama, makumbusho na maabara za sumu. Alifariki dunia mwaka 1968, akazikwa Selous.

Enzi zake, kama ilivyo kwa dawa nyingi hadi leo, farasi alidungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake ukaunda kingamwili, na damu yake ikatoa dawa. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini ni ghali, na protini za farasi zinaweza kumdhuru mgonjwa.

Mwaka 2025, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walitangaza njia nyingine. Walimdunga alpaka na lama sumu za nyoka 18 wa Afrika wa jamii ya swila na koboko, wakateua vipande vidogo vya kingamwili na kuvizalisha ndani ya bakteria. Mchanganyiko wa vipande 8 uliwakinga panya wa maabara dhidi ya sumu za nyoka 17 kati ya hao. Hata hivyo, ulikuwa haujajaribiwa kwa binadamu, na bafe hakuwamo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wa vijijini. Kwa hiyo, wakati dawa mpya ikisubiriwa Isikizya na kwingineko, aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe na awahishwe kituo cha afya.