Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Wanyama

Nyumbani kwetu Kamwokya, si mbali na Jumba la Makumbusho la Uganda, ukutani mwa sebule pana picha ya tembo, twiga na nyati waliosongamana chini ya mlima wenye theluji. Mjomba wangu aliinunua Dar es Salaam mwaka wa 1986. Pembeni imeandikwa Tingatinga. Kila mgeni ajapo, Mjomba humwambia kwamba mwenye jina hilo ndiye aliyeichora kwa mkono wake, na kwamba alipoinunua rangi ilikuwa bado mbichi. Nami tangu utoto nilijivunia picha hiyo. Likizo iliyopita nikataka kumjua mtu huyu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini ya Tanganyika, upande wa mpaka wa Msumbiji. (Jina lake lisiwachekeshe, ingawa ni kweli trekta nalo huitwa hivyo.) Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Alipokuwa kijana alitoka kwao kutafuta kazi, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam akawa mtumishi katika nyumba ya Mwingereza. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 kazi hiyo ikaisha, akabaki akifanya vibarua vya kila namna.

Hata ilipofika mwaka wa 1968, naye ana umri wa miaka 36, ndipo aliposhika brashi. Hapa kwetu Makerere uchoraji ulikuwa ukifundishwa tangu miaka ya 1930, lakini yeye hakuingia chuo chochote. Vifaa vya wachoraji wa Ulaya vilikuwa ghali. Basi alitumia rangi ya kupakia baiskeli, na badala ya turubai akachukua vipande vya mbao nyembamba za kujengea dari, upande wake wapata futi mbili.

Desturi yake ilikuwa hii: aliupaka ubao rangi moja, kisha mara nyingi akamweka katikati mnyama mmoja tu, chui au kiboko au ndege, mwenye macho makubwa na madoadoa mengi. Nimezitazama picha zake kitabuni. Mnyama yule hukukodolea macho kana kwamba ni wewe uliyeingia kwake bila kubisha hodi. Picha ziliuzwa Oyster Bay, nje ya duka la Morogoro Stores, walikokuja Wazungu kununua vitu vyao, na mkewe ndiye aliyesaidia kuziuza.

Zilipopendwa, akawafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake. Walijifunza kwa kumtazama na kumwiga. Ndivyo ilivyokuwa Italia zamani, maana hata Michelangelo aliwekwa kwa fundi Ghirlandaio mwaka wa 1488, akiwa mtoto wa miaka 13.

Mwaka wa 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari mjini Dar es Salaam. Polisi wakalidhania kuwa gari la wezi, wakapiga risasi, naye akafa kwa kosa asilolitenda. Kazi yake yote ya uchoraji ni ya miaka minne tu. Wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka wa 1990 kikaundwa chama cha ushirika chenye jina lake. Jina la mtu likawa jina la namna ya uchoraji, na wako walioliandika hata juu ya picha ambazo hakuzigusa.

Nilipofika hapo nikahesabu miaka, nikakumbuka na ile rangi mbichi. Nilikaa siku mbili bila kusema neno. Jioni ya tatu, baada ya chakula, nikamweleza Mjomba kwa adabu, maana ni mzee wangu. Hakukasirika. Akaiteremsha picha, akaisogeza karibu na taa, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza ni nani basi aliyeichora. Sikuwa na jibu. Akaitundika pale pale.

Jumapili iliyofuata tulipata mgeni. Mjomba hakutaja rangi mbichi. Alimsimulia habari za rangi ya baiskeli, na habari za gari lile la mwaka 1972.